Mtoto wa Kampala, mkanda wa Copenhagen: sifa za nani?

Najua wiki iliyopita niliahidi kuendelea na ile mada ya wachumba wanaopima mapenzi kwa vocha. Naomba mnisamehe, hiyo itakuja. Wiki hii kuna jambo limenikaa kooni, nisipolitema sitalala.

Limeanzia nyumbani kwetu. Mdogo wangu, huyu anayenifuata, anacheza ngumi. Kacheza za ridhaa miaka 6, halafu akaingia za kulipwa. Mwalimu wake ni mzee mmoja hapa mtaani kwetu, mchana fundi viatu, jioni kocha. Jimu yake wala haina paa. Ni uwanja nyuma ya nyumba ya watu, una mwembe mmoja, na kwenye mwembe limening'inia gunia lililojazwa matambara na mchanga. Glovu jozi 3 kwa vijana zaidi ya 10, yaani unavaa zikiwa bado za moto na jasho la mwenzio. Hatozi hata senti. Akiona kijana kaja na njaa anamnunulia chapati na maharage, kesho yake unamkuta yeye mwenyewe anaandikisha deni kwa mama ntilie.

Sasa dogo kapata promota. Kapelekwa nje, kakaa kambini wiki 5, kapanda ulingoni, kashinda. Karudi na mdomo umevimba na jinzi mpya. Mtaa mzima tulitoka, mama akalia, mimi nikajifanya vumbi limeniingia machoni. Siku ya pili redio moja ikampigia simu. Mtangazaji akamuuliza, "Bingwa, nani kakufikisha hapo ulipo?" Dogo akajibu kwa mapozi: namshukuru bosi wangu na namshukuru mwalimu wa kule kambini, wale jamaa ndo wamenitengeneza.

Basi. Wakapiga muziki.

Wakati huo mimi nilikuwa kwa mzee, nimepeleka kandambili zangu kushonwa. Redio iko pale pale juu ya sanduku la misumari. Mzee hakusema neno. Aliinama akagonga kisigino cha kiatu cha mtu kama mara kumi hivi, kisigino ambacho kwa macho yangu kilikuwa kimeshashika zamani.

Kijiwe kilikuwa kimejaa kama kawaida na ubishi ukaanza hapo hapo. Jamaa mmoja muuza mitumba, mshikaji wangu kabisa, akasema dogo hajakosea. "Anayelipa ndo mwenye mali. Huyu mzee kamfundisha kuruka kamba, kule wamemfundisha kutafuta hela." Mwingine akasema mtoto ni wa aliyemlea na siyo wa aliyemnunulia suti ya harusi. Kelele zikawa nyingi kinoma, mpaka mzee akaweka nyundo chini.

"Hivi nyie watoto," akauliza, "mnamjua Ayub Kalule?"

Kimya. Mmoja akauliza anachezea timu gani.

Mzee akacheka, ndo mara ya kwanza kucheka siku ile. Akatupa hadithi yenyewe kwa vipande, huku akishona. Mimi nilivyotoka pale sikwenda nyumbani. Nilikwenda kuhakikisha, nikatafuta, nikasoma, nikaangalia na mkanda wa pambano lenyewe kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Na leo nawaletea, maana ubishi wa dogo na mzee wake ulishachezwa zamani, tena na nchi mbili nzima.

Ayub Kalule ni Mganda, kazaliwa 1954. Januari na Februari 1974 alikuwa Christchurch, New Zealand, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Michezo ile sisi Watanzania tunaikumbuka kwa mtu mmoja tu, Filbert Bayi, aliyekimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akaiacha dunia mdomo wazi. Sasa wakati sisi tunamshangilia Bayi, kijana wa miaka 20 kutoka kwa jirani zetu alichukua dhahabu ya ngumi, uzito wa kilo 60. Miezi michache baadaye, Agosti mwaka huo huo, Wacuba wakaandaa Havana mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ngumi za ridhaa. Kalule akapanda uzito mmoja juu, akaenda, akarudi na dhahabu nyingine. Yaani kwenye mashindano ambayo Teofilo Stevenson alichukua dhahabu ya uzito wa juu kwao, Mganda naye alisimama juu ya jukwaa kama bingwa wa dunia.

Naomba hiyo tarehe uishike, msomaji. 1974. Copenhagen bado haijatajwa popote.

Na siyo kwamba Kalule aliota kama uyoga. Uganda ya miaka ile ilikuwa kiwanda cha ngumi. Olimpiki ya Mexico 1968 Eridadi Mukwanga alichukua fedha na Leo Rwabwogo shaba, halafu Munich 1972 Rwabwogo akaongeza fedha. Mkubwa wa nchi mwenyewe, Idi Amin, alikuwa bondia enzi za Mwingereza, tena aliwahi kuwa bingwa wa Uganda. Ya Amin mengine tunayajua, wengine wazee wetu walikwenda kuyamaliza kwa miguu. Lakini ngumi zilikuwepo, walimu walikuwepo, na kijana wa Kampala alikuwa na mkubwa wa kumtazama na wa kumpiga.

Sasa ingia Denmark. Mwaka 1976 Kalule akahamia huko na kuanza ngumi za kulipwa chini ya promota wao mkubwa, Mogens Palle. Kwa nini Denmark na siyo London ambako kila mtu alikuwa anakwenda? Nchi zile za baridi hazifanani kama tunavyodhani. Sweden ilishapiga marufuku ngumi za kulipwa tangu 1970, na Norway ikafuata 1981. Denmark waliziacha. Kwa hiyo mtu kama Palle alikuwa na kumbi, ana watazamaji wenye hela, na anatafuta mtu wa kuwajazia kumbi hizo. Akampata Mganda anayepiga kwa mkono wa kushoto, asiyerudi nyuma.

Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa yule mshikaji wangu wa mitumba. Angalia hesabu. Kutoka 1976 hadi katikati ya 1981 Kalule alicheza mapambano 36 akashinda yote 36. Hiyo ni kama mapambano 7 kwa mwaka. Bondia wetu wa leo akipata 3 kwa mwaka anachinja mbuzi. Mtu anayecheza mara 7 ana mtu wa kumtafutia wapinzani, wa kulipa hoteli, wa kulipa daktari, wa kupiga simu kwa wakubwa wa mkanda kuwakumbusha kwamba kuna kijana huku. Huo ni utengenezaji, tusibishane. Mwaka 1978 wakampatia mkanda wa Jumuiya ya Madola wa uzito wa kati. Na tarehe 24 Oktoba 1979 wakampeleka Akita, Japan, kumkabili Masashi Kudo, bingwa wa WBA wa uzito wa kilo 70 hivi. Kudo alikuwa hajapigwa na mtu, tena anacheza kwao. Kalule akamaliza naye raundi 15, akamnyang'anya mkanda kwa pointi. Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa.

Oktoba 1979, jamani! Mnakumbuka Aprili mwaka ule kulikuwa na nini? Tarehe 11 Aprili majeshi yetu pamoja na Waganda wenyewe waliingia Kampala, Amin akakimbia. Miezi 6 tu baadaye nchi ile iliyokuwa bado inaokota vipande vyake inapata bingwa wa dunia. Mzee wangu wa viatu anasema yeye mwaka ule alikuwa kijana na alisikia habari zile kwenye redio, na kwamba Waganda aliokuwa anawajua hapa mjini walizunguka wiki nzima wakiwa hawashikiki. Walikuwa wanasema Kalule wetu. Sidhani kama kuna aliyesema Kalule wa Palle.

Lakini mkanda ulikwenda kukaa wapi? Copenhagen. Aliutetea mara 4, na mara zote 4 ilikuwa Denmark. Mtoto wa shule wa Kampala hakumwona bingwa wake akitetea mkanda hata siku moja nyumbani. Na hebu tuseme ukweli, nani angeleta pambano la dunia Kampala mwaka 1980? Ungewalipa kwa nini, kwa matoke?

Sasa na mie nikawa sina upande. Nikarudi kijiweni nikiwa na swali langu: tukipima kwa kuzaliwa ni Uganda, tukipima kwa mkanda ni Denmark, sasa kipimo ni kipi? Mzee akaniambia, "Mwanangu, waulize hao hao Wadenishi." Nikadhani ananitania, kumbe ana maana yake.

Kuna bondia mmoja wa zamani anaitwa Battling Nelson. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzito mwepesi, yule aliyempiga Joe Gans mwaka 1908. Kazaliwa Copenhagen 1882. Wazazi wake wakahamia Marekani akiwa bado mchanga kabisa, akakulia karibu na Chicago, ngumi kajifunzia Marekani, hela kalipwa Marekani. Hata hivyo jina lake la ulingoni lilikuwa la Mdenishi asiyechoka, na mpaka leo ukitafuta mabingwa wa Denmark utamkuta amekaa pale juu kama baba mwenye nyumba.

Unaona sasa? Kama sifa ni za kule mtu alikozaliwa, Denmark wana Nelson, ila Kalule wamwachie Uganda. Kama sifa ni za kule alikotengenezewa, wana Kalule, ila Nelson wamrudishe Marekani. Wote wawili hawawezi kuwa nao, labda wawe wanabadilisha mizani kila mteja akigeuka, kama yule muuza nyama wa sokoni ambaye sitamtaja.

Na mimi nakwenda mbele zaidi ya mzee. Nelson alipelekwa Marekani akiwa hajui hata kutambaa vizuri. Huyo kweli ni ngumi ya Marekani yenye cheti cha kuzaliwa cha Denmark. Kalule alifika Denmark akiwa na miaka 22 na dhahabu mbili, moja ya Jumuiya ya Madola na moja ya dunia nzima. Mkono wa kushoto alikuja nao, pumzi alikuja nazo, na ule moyo wa kusonga mbele alikuja nao. Palle hakuokota jiwe akalichonga. Alinunua kitu kilichokwisha kung'aa, akakitafutia soko. Soko lina thamani yake na simnyimi. Lakini muuza dhahabu hajawahi kuwa mchimbaji.

Mshikaji wa mitumba hakukubali. Akasema, "Sawa, angebaki Kampala angekuwa nani?" Na hilo, msomaji, ni konde zito. Lilinipata. Maana mwaka ule ule wa 1976 ilikuwa Olimpiki ya Montreal, na nchi za Afrika tuligoma kwa sababu New Zealand walipeleka timu yao ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Bayi wetu hakukimbia. Waganda nao hawakupigana. Kwa hiyo Kalule angebaki kwenye ridhaa angekaa nyumbani, na labda leo mzee angekuwa anatutajia jina ambalo nisingelipata popote hata nikitafuta mwaka mzima. Wangapi walibaki wakapotea hivyo hivyo? Hatuwajui, ndo maana ya kupotea.

Na siyo Kalule peke yake. Cornelius Boza-Edwards naye kazaliwa Kampala, akaenda Uingereza bado kijana, akawa bingwa wa WBC mwaka 1981, na jina la Edwards ni la Mwingereza aliyemlea. Huyo Waingereza wana haki ya kuvutana na Waganda mpaka shati lichanike. John Mugabi, wenyewe walimwita Mnyama, alichukua fedha ya Olimpiki Moscow 1980 akiwa amevaa fulana ya Uganda, halafu London wakamchukua. Akawa anaangusha kila mtu kwa KO mpaka alipokutana na Marvin Hagler Las Vegas Machi 1986, akalala raundi ya 11. Mkanda alikuja kuupata 1989 kwa Mfaransa Rene Jacquot. Kassim Ouma ndo kabisa, walimbeba utotoni kwenda msituni kushika bunduki, ngumi akazifanyia jeshini, 1998 akaenda Marekani kwenye mashindano ya wanajeshi akazamia huko huko, na 2004 akawa bingwa wa dunia wa IBF. Sasa huyo mgawie nani sifa? Mimi ningempa yeye mwenyewe zote, na chenji ibaki kwake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa sifa hawalitaji, nalo ni siku ya kupigwa. Tarehe 25 Juni 1981, Houston, Kalule alikutana na Sugar Ray Leonard. Nimeliangalia pambano lile mara 3. Kalule alikuwa anaingia tu, anaingia tu, na kuna raundi Leonard sura ilibadilika. Lakini mwisho wa raundi ya 9 mikono ya Leonard ilikuja kama mvua ya masika, Kalule akaenda chini, refa akasimamisha. Leonard akapiga sarakasi pale pale ulingoni. Mwaka uliofuata Kalule akapoteza kwa Davey Moore, kisha kwa Mike McCallum. Alijikusanya akachukua mkanda wa Ulaya mwaka 1985, mtu wa Kampala bingwa wa Ulaya, hebu fikiria, na 1986 Herol Graham akamfunga hesabu. Mapambano 50, kashinda 46.

Nauliza: ile ya Houston ni ya nani? Sijasikia Mganda wala Mdenishi akisema ile ngumi iliyomwangusha Kalule ni matokeo ya malezi yetu. Kwenye kushinda wazazi ni wengi, kwenye kupigwa yatima anakwenda chumba cha kubadilishia nguo na kocha mmoja. Na wako waliolipa zaidi ya hapo. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu Seoul 1988, akaenda Marekani kulipwa, na mwaka 1994 akafariki Las Vegas baada ya pambano. Aliyerudishiwa jeneza ni Kenya.

Nilipoyasema hayo kijiweni watu walinyamaza. Mama ntilie peke yake ndo alisema, "Na mama yake, yeye mbona hamumpi fungu?" Hakujibiwa. Na mie sina jibu, naliacha hapa mnisaidie.

Usiku ule nilimkalisha dogo. Sikumpigia kelele, maana kwa sasa ana mkono mzito kuliko wangu. Nilimsimulia ya Kalule kuanzia Christchurch. Akasikiliza weeee, halafu akasema, "Kaka, kwenye redio nilisahau." Nikamuuliza umesahau au ulikuwa unaogopa bosi. Akanyamaza. Kumbe kwenye karatasi aliyosaini kuna mstari unasema akihojiwa amtaje promota na kambi yake. Hakuna mstari unaomkataza kumtaja mtu mwingine, ila na yeye hakusoma vizuri, alisaini akiwa amesimama, kalamu ya kuazima.

Jumapili asubuhi akaenda kwa mzee. Mimi nilimfuata kwa nyuma kama mpelelezi. Alibeba glovu jozi 2 mpya na bahasha. Mzee akapokea glovu, akazinusa, akazitundika kwenye mwembe. Bahasha akamrudishia, akamwambia kampe mama yako. Halafu akamuuliza, "Raundi ya 3, ulipokuwa unarusha kushoto, mkono wa kulia ulikuwa wapi?"

Dogo akaangalia chini. "Kiunoni, mwalimu."

"Nimeona. Wamenionyesha kwenye simu. Miaka 6 nakwambia kidevuni."

Kisha akamtupia kamba ya kuruka, ile ile ya zamani yenye fundo katikati. Dogo akavua jinzi yake mpya, akaikunja akaiweka juu ya tofali, akaanza.

Haya, ya wachumba na vocha ni wiki ijayo, panapo majaliwa. Na anayejua mama apewe fungu gani aniandikie.